Mama Kadi Hajambo

Aulizwaye hali hujibu kwanza kwamba hajambo. Baada ya hapo, akiwa na neno, husema "ila," kisha hulitoa neno lenyewe. Hakuna aliyefundishwa kanuni hii darasani, wala hakuna aliyehitaji kufundishwa. Mwenye homa huifuata, aliyefiwa huifuata, na hata aliyelazwa juu ya machela, akiulizwa na mtu anayempisha mlangoni, hujibu kwamba hajambo, ila mguu umevunjika.

Mama Kadi aliifuata kuliko wengi kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka ishirini na sita alikaa nyuma ya dirisha la mapokezi katika zahanati, akiandika majina ya wagonjwa kwenye kadi za manjano na kuwaelekeza kwenye benchi la kungojea. Dirisha lilikuwa na tundu la duara la kupitishia sauti, na mwanya chini yake wa kupitishia mkono. Kila aliyefika alimsalimu kama ipasavyo mtu mwenye malezi: "Hujambo, Mama Kadi?" Naye alijibu, "Sijambo," akachukua kalamu, na hapo mgonjwa akaanza kueleza yake. Ila ya Mama Kadi haikupata nafasi. Foleni ilikuwa ndefu, tundu lilikuwa moja, na lilikuwa limetobolewa ili sauti za wengine ziingie.

Mwezi wa pili wa mwaka wake wa ishirini na sita, mshonaji mmoja mstaafu alifika dirishani akiburuta mguu wenye goti bovu. Alimsalimu Mama Kadi, akajibiwa, akataja jina lake. Na kabla wino haujakauka akasema kwamba kadi haitahitajika tena, goti limepona. Mama Kadi aliiweka kadi kando, akamwita anayefuata. Siku ile watu wanne walirudi nyumbani bila kumwona daktari. Juma lililofuata walikuwa ishirini. Watu walielewa upesi kwamba jibu la Mama Kadi linaponya, nao waliipokea habari hiyo kama wangeipokea habari ya kisima kipya: waliuliza kinafunguliwa saa ngapi.

Mganga mkuu wa zahanati alikuwa mtu wa utaratibu. Aliona kwamba tundu la dirisha linapunguza nguvu ya sauti, kwa hiyo aliagiza Mama Kadi ahamishiwe barazani, apewe kiti chenye mto, na foleni ipangwe kwa kamba. Kazi ya kadi akapewa karani mwingine, ambaye hakuwa na la kuandika. Bango likabandikwa ukutani likiwataka watu wasalimu mara moja tu. Wachache waliosalimu mara mbili, kwa kisingizio kwamba hawakusikia, walionywa mbele ya wenzao.

Aliyeona kwamba uzima ule ulikuwa na mahali unapotoka ni binti wa Mama Kadi, fundi wa miwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, naye alifanya kazi katika duka dogo lenye mashine ya kusagia vioo, ambako alikisaga kioo kidogo kidogo, akakipima, akakisaga tena, mpaka mteja aweze kuisoma herufi ya mwisho. Kazi ile ilimzoesha kutazama jambo dogo kwa muda mrefu bila kusema. Kila Jumapili mchana alikwenda kwa wazazi wake. Jumapili moja alimwona mama yake akitia chumvi kwenye chakula, akaonja, akatia tena, akaonja, kisha akalirudisha kopo rafuni kwa uangalifu kama kopo la jirani. Jumapili ya pili alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, soksi moja mguuni na ya pili mkononi, na baba akasema amekuwa hapo tangu saa tatu asubuhi. Jumapili ya tatu hakugeuka alipoitwa kutoka upande wa kushoto. Ya nne, baba alitoa mzaha wake wa miaka yote, wa trela lililofika sokoni kabla ya lori lake, na mama akauliza kwa adabu kwa nini trela litangulie.

"Lilikatika mteremkoni," baba akaeleza. "Ndipo pa kuchekea hapo."

"Ahaa," mama akasema. "Basi pole yake dereva."

Dereva alikuwa baba mwenyewe. Alikuwa amestaafu malori akiwa na mgongo mbovu, lakini hakuwahi kuwa na afya kama ile ya mwaka ule. Mgongo ulinyooka. Meno mawili yaliyokuwa yakicheza yalikaza. Alipanda darini kubadilisha mbao, kisha akapanda paani, kisha akaanza kuwapandia majirani. Alimpenda mke wake, na kwa kuwa alimpenda, alimuuliza hali mara nyingi: alfajiri, akitoka kuoga, akirudi kutoka dukani, akizima taa. Kila mara alijibiwa kwamba hajambo, na kila mara kitu fulani mwilini mwake kikakaa sawa. Binti alipomwambia kwamba mama anaumwa, alijibu kwamba amemuuliza asubuhi ile ile, na kwamba kama kuna mume anayemjulia mke wake hali kuliko yeye, na aletwe.

Kuanzia Jumapili ya tano, binti aliacha kumuuliza mama yake hali. Aliingia, akasema shikamoo, akaitikiwa marahaba, akanyamaza. Shangazi yake alikuwapo, dada wa baba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado alitazama kucha za watu kabla hawajaketi.

"Na hali?" shangazi akauliza.

"Hali gani, shangazi?"

"Ya mama yako. Umemwamkia, hujamjulia hali. Au siku hizi duka la miwani linauza na ufidhuli?"

Binti akasema kwamba hamuulizi kwa sababu anamjali. Shangazi akasema hayo ndiyo matunda ya kusoma hadi macho yakapitiliza, na kwamba yeye kwa umri wake hajawahi kumsikia mtu akijaliwa kwa kunyimwa salamu. Kisha akamgeukia wifi yake ili kumwonyesha binti jinsi jambo hilo linavyofanywa. Akamuuliza kama hajambo, naye akajibu kwamba hajambo. Kisukari cha miaka kumi na mmoja kikamtoka shangazi pale pale mezani, naye akasogeza kikombe chake na kuomba vijiko vitatu.

Walipobaki wawili jikoni, binti aliuliza kwa njia aliyokuwa ameifikiria juma zima. Aliruka mwanzo.

"Ila nini, mama?"

Mama aliacha kufuta sahani. Hakuna mtu aliyewahi kuanza naye mahali hapo.

"Ila usingizi," akasema. "Tangu msiba wa mdogo wangu."

"Ila nini tena?"

"Ila moyo. Unakimbia nami nimekaa. Na asubuhi sioni sababu ya kuinuka, mwanangu. Nainuka kwa kuwa watu wameshapanga foleni."

Mdogo wake alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Kazini mama alipewa siku tatu. Siku ya nne alikuwa dirishani, na mtu wa kwanza alimpa pole, akamuuliza kama hajambo, akajibiwa. Tangu siku ile ugonjwa wake haukuwahi kuandikwa mahali popote, ingawa kadi zote zilikuwa chini ya mkono wake. Binti alisikiliza mpaka sahani zikakauka zenyewe. Kisha akamwomba jambo moja: kesho mtu akimuuliza, ajibu kwamba yeye ni mgonjwa.

"Mtu ameniuliza hali kwa wema wake," mama akasema, "nimwambie mimi mgonjwa? Kwani amenikosea nini?"

Binti alikwenda kwa mganga mkuu. Alipokewa vizuri, akapewa kiti. Alieleza kwamba mama yake hachukui maradhi ya watu, la sivyo yangeonekana. Anachotoa ni uzima wake mwenyewe, kila anaposema hajambo ilhali anaumwa, na sasa unakaribia kwisha. Mganga mkuu alisema kwamba nadharia hiyo inalingana na takwimu zake. Hata hivyo alikwisha kumpima Mama Kadi mara mbili kwa mikono yake mwenyewe: joto sawa, mapigo sawa, uzito haujapungua hata ratili moja. Alikuwa amemuuliza hali naye akajibu. Akafungua faili na kumwonyesha. Mwisho wa ukurasa palikuwa pameandikwa neno moja, hajambo, na binti akatambua kwamba mwandiko ulikuwa umetulia, kwa kuwa vidonda vya tumbo vya mganga mkuu vilipona siku hiyo.

Binti akaomba mama yake apimwe bila kusalimiwa.

"Hilo haliwezekani," mganga mkuu akasema. "Nimshike mtu mzima mkono kabla ya kumjulia hali? Mimi nina wazazi walionilea. Au wataka mama yako apimwe kama ng'ombe?"

Binti akasema kwamba ng'ombe hatazamwi mdomo tu, hutazamwa na miguu. Mganga mkuu akacheka kicheko cha mtu mwenye tumbo zima, akamwambia kwamba mapumziko ya siku saba hutolewa kwa yeyote anayethibitika kuwa mgonjwa, na kwamba mlango uko wazi.

Binti alimsihi mama yake jioni mbili, mpaka akakubali kujaribu siku moja. Jumatano iliyofuata, mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa mpaka rangi aliyejifunga kitambaa kwenye kipaji cha uso kwa maumivu ya kichwa. Alimwinamia Mama Kadi akamuuliza kama hajambo. Mama Kadi alikitazama kitambaa.

"Mimi mgonjwa," akasema.

Mpaka rangi alingojea sehemu ya kwanza, ile inayotangulia, akidhani imechelewa. Haikuja. Akasogea kando, kitambaa kingali kipajini. Aliyemfuata aliuliza kwa sauti ya juu zaidi akajibiwa vile vile, na wa tatu vile vile, mpaka wote thelathini na mmoja waliokuwa ndani ya kamba. Mama Kadi hakuwajibu kwa ukali. Kufikia saa nne baraza lilikuwa limejaa watu wenye maradhi yao kamili, na ikabidi mganga mkuu atoke awahudumie. Dawa za maumivu hazikuwapo. Kwa miezi minne hakuna aliyekumbuka kuziagiza.

Mama Kadi alikwenda nyumbani saa nane mchana, akalala, akaamka kesho yake jua limekwisha kupanda. Alikula yai akasema limezidi chumvi. Akiwa bado na kijiko mkononi alianza kucheka, bila mtu kusema lolote, na baba alipouliza kulikoni, alijibu kwamba trela lilifika kabla ya lori. Baba akampigia binti simu dukani ili ausikie mwenyewe mcheko ule. Binti aliusikiliza hadi ukaisha, huku mashine ya kusagia ikizunguka nyuma yake bila kioo.

Ijumaa ikaja barua. Mama Kadi alishtakiwa kwa kuwanyima watu jibu la salamu akiwa kazini, tena jibu lililokuwa likitarajiwa. Kikao kilikuwa Jumamosi, cha watu wanne: mganga mkuu, muuguzi mkuu, mjumbe wa wananchi na karani wa kuandika. Binti aliruhusiwa kukaa karibu na mlango, asiseme neno. Mama alikuwa amevaa viatu vyake vyeusi na alikuwa na nuru usoni. Usiku wa kuamkia siku ile walikuwa wamekubaliana la kusema, na alikuwa amelisema mbele ya kioo mara tatu bila kukosea.

Kikao kilifunguliwa kama vikao vyote. Wanne wale walisimama kwa heshima ya umri wake, wakamsalimu kwa kufuata vyeo. "Hujambo, Mama Kadi?" mganga mkuu akauliza. Mama alimtazama binti, na binti akatikisa kichwa kumkataza. Lakini walikuwa watu wanne wamesimama wima kwa ajili yake, mmoja wao mzee kuliko yeye, na hawakuweza kuketi mpaka wajibiwe. Alimjibu mganga mkuu. Alimjibu muuguzi mkuu, ambaye alifumba macho kidogo kwa sababu kipandauso cha tangu ujana kilikuwa kimemwacha. Alimjibu mjumbe. Alimjibu na karani, aliyekuwa wa mwisho na hakuwa na ugonjwa wowote, isipokuwa mwandiko wake ukawa mzuri tangu mstari ule. Karani akaandika kwamba mhusika aliulizwa hali mara nne, na mara nne akasema hajambo.

Kwa hiyo alipoulizwa ni kwa nini Jumatano aliwaambia watu kuwa ni mgonjwa, naye akaanza kueleza habari za usingizi na za moyo, mganga mkuu alimkatiza kwa upole. Aliomba kumbukumbu zisomwe. Zikasomwa. Mjumbe akasema kwamba yeye hana elimu kubwa, ila anaona maneno mawili yanapingana, na moja limesemwa mbele ya mashahidi. Mama Kadi akasema kwamba ni kweli.

Adhabu ilikuwa ya haki kwa jinsi walivyoiona. Mama Kadi angewafuata wale thelathini na mmoja majumbani mwao ndani ya siku saba, asalimiwe na kila mmoja, ajibu ipasavyo, kisha mwenye nyumba atie sahihi kwenye karatasi. Karatasi ikijaa, neno lile la Jumatano lingefutwa kwenye faili lake. Sahihi ikikosekana, angerudi mbele ya kikao. Muuguzi mkuu, akiwa amepata wepesi wa kichwa, alipendekeza mama apewe kiti cha magurudumu cha zahanati, maana nyumba nyingine ziko mbali. Kikao kizima kikaafiki, na karani akaandika kwamba huruma imezingatiwa.

Binti aliomba ruhusa dukani, akakisukuma kiti. Walianza Jumatatu asubuhi. Watu waliwapokea vizuri mno. Walitolewa viti, walipewa maji, mtoto aliyekuwa akipiga kelele alinyamazishwa. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kupona kwa njia zao: mama mmoja jino lake lilikuwa limeng'olewa tangu Alhamisi, na mzee wa kikohozi alikuwa amekohoa mpaka kikaisha. Hata hivyo sahihi isingeweza kutiwa bila salamu, basi wakauliza, wakajibiwa, wakapona vitu vingine walivyokuwa hawajavitambua. Mama wa jino alianza kusikia tena harufu. Mzee wa kikohozi akakumbuka jina la mwalimu wake wa kwanza.

Kati ya nyumba na nyumba, binti alisimamisha kiti kwenye kivuli cha ukuta akauliza.

"Ila nini, mama?"

"Ila miguu," mama alisema baada ya nyumba ya nne. Baada ya nyumba ya tisa alisema, "Ila kiu," na maji alipopewa hakuyajua ladha. Baada ya nyumba ya kumi na tano alisema, "Ila naona kama watu wote wako nyuma ya dirisha." Siku ya pili, baada ya nyumba ya ishirini na mbili, alisema "Ila," akatulia, akitafuta. Binti alingoja. Gari la taka likapita, mwanamke akaanika shuka mbili, na mama bado alikuwa akitafuta. Baada ya nyumba ya ishirini na saba hakusema hata hilo. Lakini mbele ya milango, alipoulizwa, midomo ilisogea, na neno lilelile likatoka, dogo na safi, kama lilivyotoka kwa miaka ishirini na sita. Yalikuwa malezi, na malezi yalikuwa yamebaki peke yake.

Binti alifikiria kugeuza kiti na kurudi nyumbani. Alifikiria pia kikao, na watu wanne wakisimama. Akasukuma.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mpaka rangi. Aliishi ghorofa ya pili, kwa hiyo alishuka mwenyewe alipowaona kutoka dirishani, mikono ikiwa na madoa ya rangi ya ukuta wa mtu. Kitambaa kilikuwa bado kipajini. Alikuwa mtu mwema. Alisema kwamba hana kinyongo na Mama Kadi, kila mtu hupatwa na siku mbaya, na akafuta kiganja kwenye suruali kabla ya kuipokea kalamu. Kisha akainama hadi uso wake ukawa sawa na uso wa mama, akauliza.

"Hujambo, Mama Kadi?"

Mama alimtazama kama mtu anavyotazama kupitia kioo kisichomfaa. Midomo haikusogea. Mpaka rangi aliuliza tena, polepole, upande wa sikio la kulia. Kisha akainuka, akamtazama binti, akatazama nafasi tupu iliyobaki mwishoni mwa karatasi. Alisema kwamba angependa sana kutia sahihi, ila ataandika nini, maana hajajibiwa. Alisema yuko tayari kungoja. Akangoja, kalamu ikiwa juu ya karatasi, kichwa kimemwinamia upande kwa maumivu.

"Mama yako hajambo?" hatimaye akamuuliza binti.

Binti aliweka mkono wa kushoto begani mwa mama yake. Bega lilikuwa jepesi, na halikuuegemea mkono wala kuukwepa. Alijua kwamba mtu huweza kumjibia mgonjwa asiyeweza kusema, na kwamba jibu hilo hupokelewa kila mahali. Alijua pia linatoka wapi.

"Hajambo," akasema.

Kitu kikamtoka kiganjani, si kikubwa, kama joto la kikombe kinapowekwa chini. Mpaka rangi akasimama sawasawa. Akapapasa kipaji chake, akakifungua kitambaa, akakikunja mara mbili na kukitia mfukoni.

"Inahesabika," akasema, akatia sahihi, akawashikia lango.

Mganga mkuu aliipokea karatasi saa tisa alasiri. Alizihesabu sahihi kwa ncha ya kalamu, thelathini na moja, akaisifu familia kwa kutimiza neno kabla ya muda. Hakumsumbua Mama Kadi kwa salamu nyingine, kwa kuwa iliyo mwisho wa orodha ilitosha, na kwa kuwa kesho asubuhi angerudi barazani. Alipiga muhuri. Chini ya muhuri aliandika kwamba adhabu imetumikiwa yote, neno limefutwa, na mhusika hajambo. Kisha akamsogezea binti kitabu atie sahihi kwa niaba ya mama yake. Binti alitia kwa mkono wa kulia. Wa kushoto, aliokuwa akishikia vioo, ulikuwa bado haujarudiwa na joto lake.